Sikurudishiwa pingili yoyote: mgongo wangu na mikono ya fizio

Juzi dada mmoja wa Nkuhungu kaniandikia inboksi, "da fundi, naomba namba ya yule aliyekurudishia pingili." Namba nimempa, hiyo haina shida. Ila hapo kwenye pingili, yaani vile vifupa vya uti wa mgongo, nikaona niandike kabisa, maana si yeye tu, kila anayenijua hapa Dodoma anaamini uti wangu ulichomoka kama droo ya kabati halafu kuna mtu akausukuma ndani. Hakuna kitu kama hicho.

Kwa wageni, mimi ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na soko la Majengo. Shule zikikaribia kufungua mwezi wa kwanza ndo hela yetu ya mwaka, sare juu ya sare, unainamia mashine tangu asubuhi, na mnajua wenyewe mtu mwenye kiwanja Ihumwa kinachosubiri tofali haangalii saa. Msimu huo mgongo ukanikamata nikiokota mkasi. Mkasi tu jamani! Kuanzia kiunoni mpaka tako la kulia, nikikohoa nalia.

Nikapewa kila kitu, diklofenaki, dawa ya kuchua, mkanda wa mgongo, lala chini kwenye mkeka. Akaletwa pia mzee mmoja anayechua, hakuuliza kunauma wapi wala kumeanza lini, akaniwekea goti mgongoni, nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Na kuna ndugu, anajijua, alisema mbele ya wateja wangu kwamba najidekeza nakwepa kazi. Hilo mpaka leo halijashuka kooni, niseme tu ukweli.

Fizio, yaani mtaalamu anayetibu viungo kwa mikono na mazoezi, nilielekezwa na mteja wangu mmoja nesi. Kilichonishangaza, muda mrefu hakunigusa. Ni maswali tu: maumivu yanashuka mguuni? Mkojo unatoka vizuri? Sehemu za siri kuna ganzi? Umekonda, unapata homa, umewahi kuugua kifua kikuu? Nikasema huyu mbona ananitafutia magonjwa. Kumbe TB inaweza kukaa kwenye uti wa mgongo, na ganzi ya huko chini au mkojo kugoma ni dharura, unakimbizwa hospitali saa hiyohiyo, hukandwi. Akanilaza chali akainua mguu umenyooka, akagonga magoti kwa kinyundo. Nikamuuliza kuhusu MRI, ile picha ya mashine inayoonyesha ndani ya mgongo, akasema bado, wapo wengi hawaumwi popote na picha inaonyesha diski, ile mito laini katikati ya pingili, imetokeza.

Ndo ikaja mikono. Kifudifudi, mto chini ya tumbo, anabonyeza pingili moja moja kwa kitako cha kiganja, taratibu, halafu kiwiko kwenye tako pale palipokaza. Siku nyingine akanilaza ubavu akanizungusha, ikalia ka! Nikamwambia imerudi eeh? Akacheka sana. Akasema hakuna kilichotoka, hiyo sauti ni gesi kwenye majimaji ya kiungo, na diski hairudishwi kwa vidole. Mikono yake inatuliza maumivu kwa muda tu, na huo muda ndo wa kutembea na kufanya mazoezi, nikiutumia kukaa tu nitarudi kwake nikiwa vilevile. Wangapi wanakwambia ukweli unaowapunguzia wateja?

Nikafanya. Nalala kifudifudi najiinua kwa mikono kiuno kinabaki chini, nalala chali magoti juu nainua makalio, na kibandani naenda kwa miguu, bajaji nikaacha. Wiki zenyewe siwasimulii, ni vilevile tu, leo afadhali kesho hovyo. Ila nilirudi kwenye mashine, nikamaliza oda ya sare za kwaya nzima, na yule ndugu akaja na kitambaa chake nimshonee. Nimemshonea. Bei ileile ya wengine na advansi kalipa.

Sasa nisikilizeni. Tembea. Maumivu mengi ya aina hii yanapungua yenyewe ndani ya wiki kadhaa, kushinda kitandani ndo kunayachelewesha. Ukishakandwa, tembea. Hiyo mikanda mnayoivaa kutwa vueni, WHO, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 walitoa mwongozo wa maumivu ya mgongo ya muda mrefu, mazoezi na elimu wamevikubali, kukandwa na kunyooshwa na mtaalamu pia wamekubali, ila mikanda na kuvutwa mgongo kwa mashine hawapendekezi. Haohao wanasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu haya, haya niambieni, milioni 619 wote wanajidekeza?

Mtu akitaka kukushika mgongo bila kukuuliza chochote, shuka kitandani vaa viatu vyako. Akikwambia anarudisha pingili, vaa viatu. Na ukimpata anayeuliza, anayepima, anayekupa na mazoezi ya kwenda nayo nyumbani, basi yafanye jamani, msimlipe mtu hela halafu mkashinde kwenye kochi na simu.

Na nyie wenye ofisi za ushonaji mliowapanga mabinti kwenye mashine kutwa nzima, akisimama mnamkata jicho, waacheni wanyooke. Mimi sasa ninao wawili, wakiinuka wakazunguka mpaka kwa muuza miwa na kurudi siwaulizi, na sare za mwezi wa kwanza zilitoka zote.