Ukitafuta fanki, anza na santuri hii ya 45

Wanaoanza kukusanya santuri huniuliza waanze na ipi. Kwa mpenzi wa muziki wa fanki uliochanganyika na roki, jibu langu halibadiliki: "Thank You (Falettinme Be Mice Elf Agin)" ya Sly and the Family Stone, tena ile ndogo ya 45 (inayozunguka mara 45 kwa dakika, wimbo mmoja kila upande), usikubali kupewa albamu badala yake.

Kampuni ya santuri ya Epic iliitoa Desemba 1969, namba 5-10555 kwenye lebo, upande wa pili ukiwa na "Everybody Is a Star". Miezi minne tu kabla, bendi hii ya San Francisco ilikuwa imewarusha watu usiku wa manane kwenye tamasha la Woodstock. Kampuni ilitaka albamu mpya, haikuipata. Sly Stone, kiongozi wa bendi, alikuwa amezama kwenye dawa za kulevya, akawa anakosa hata maonyesho yake mwenyewe. Februari 1970 santuri ikakaa namba moja Marekani kwa wiki mbili, pande zote mbili zikihesabiwa pamoja. Kisha kimya. Wimbo mpya haukutoka hadi mwishoni mwa 1971, na Epic wakaziba pengo kwa "Greatest Hits", Novemba 1970.

Hiyo "Greatest Hits" ndiyo utakayouziwa kirahisi. Ni albamu nzuri, lakini nyimbo hizi mbili zilikuwa zimechanganywa kwa mono tu (sauti isiyogawanywa kushoto na kulia), kwa ajili ya santuri hiyo ndogo. Ili ziingie kwenye albamu ya stereo, mafundi walizilazimisha zisikike kama stereo, na kwa masikio yangu besi ikapoteza nguvu. Kwenye 45 besi inakupiga kifuani. Larry Graham, mpiga besi wa bendi, anazigonga nyuzi kwa kidole gumba na kuzifyatua kwa kidole kingine, mtindo alioanza akipiga na mama yake katika bendi isiyo na dramu. Ilibidi besi ifanye kazi yake na ya dramu. Wapiga besi wa leo wanaofyatua nyuzi namna hiyo wanamdai Graham shukrani, wajue wasijue.

Sasa, kununua. Iinamishe santuri kwenye mwanga. Mkwaruzo ambao ukucha haukwami huwa hausumbui sana. Ukucha ukikwama, rudisha. Mifereji ikiwa imefifia na kuwa ya kijivu, ujue sindano nzito zimeshaila, kwa sababu hiki kilikuwa kibao cha kucheza dansi na watu walikipiga bila huruma. Muuzaji akupigie pande zote mbili, na sikiliza zaidi karibu na katikati, ndipo mikwaruzo ya sauti hujitokeza. Nakala za Marekani zina tundu kubwa, kwa hiyo nunua na kile kiplastiki cha kuziba katikati. Ni cha bei ndogo, ila usipokuwa nacho siku hiyo utabaki kuitazama tu.

Ukifika nyumbani, sikiliza maneno. Wengi huucheza kama wimbo wa sherehe, na haki yao. Lakini ubeti wa kwanza ni mtu aliyekabiliana na shetani mwenye bunduki, vidole vinamtetemeka, anaanza kukimbia. Mbele kidogo anataja vibao vyake vya zamani kimoja baada ya kingine, kama mfanyakazi anayekabidhi funguo siku ya mwisho kazini. Mimi nasikia kwaheri ndani ya hiyo asante. Kisha geuza upande: kwenye "Everybody Is a Star" wanapokezana sauti, Rose, Freddie, Larry na Sly, kila mmoja na kipande chake. Ni bendi ileile, ya weusi kwa weupe, wanawake kwa wanaume, na haikudumu. Greg Errico, mpiga dramu, aliondoka 1971, Graham akafuata 1972.

Ukiisha kuizoea, ndipo utafute albamu ya Novemba 1971, "There's a Riot Goin' On". Wimbo wa mwisho, "Thank You for Talkin' to Me Africa", ni maneno yaleyale kwa mwendo wa kujikokota, zaidi ya dakika saba. Usianze na huo, utakuchosha bure. Na kama nyumbani kuna wapenzi wa Janet Jackson, jiandae kubishana: watadai gitaa la "Thank You" ni la wimbo wake "Rhythm Nation". Waonyeshe lebo. Yeye alilichukua hapa, 1989.