Nilimuenzi Mbaraka, Nikamkata Gitaa

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, nataka kutoa albamu ya kumuenzi Mbaraka Mwinshehe. Nianzie wapi?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Albamu ya huyo mpiga gitaa na mwimbaji wetu mkubwa wa Tanzania, mimi nilishaitoa. Nyimbo nane, pesa zangu mwenyewe, na roho bado inauma.

Wazo nililipata kwa wenzetu. Marekani, mtayarishaji wa muziki Hal Willner alikusanya wanamuziki mwaka 1981 wapige kazi za Nino Rota, Mwitaliano aliyetunga muziki wa filamu, na tangu hapo albamu za kuenzi zimemiminika. Mwaka 2002 ikaja Red Hot + Riot, ya kumuenzi Fela Kuti wa Nigeria. Nikajiuliza: Fela kaenziwa, Mbaraka wetu je? Mtu aliyeitwa Soloist National!

Mazoezi nayaruka. Studio, fundi mitambo akaniambia redio hazipigi wimbo wa dakika saba. Nikakubali. Tukakata chemko zote, yaani zile sehemu gitaa linapotawala waimbaji wakishanyamaza, kila wimbo dakika tatu. Sauti yangu, niseme ukweli, ilitoka safi. Hata leo nikiisikiliza najipongeza.

Uzinduzi nikaupeleka Morogoro, Mbaraka alikong'ara na bendi ya Morogoro Jazz kabla ya kuunda bendi yake, Super Volcano, mwaka 1973. Wazee wakainuka, wakacheza taratibu, wakijiwekea akiba ya pumzi kwa ajili ya gitaa. Gitaa halikuja. Wimbo umeisha, wao wamesimama katikati ya ukumbi, mikono bado iko mabegani kwa wenzao. Mzee mmoja akaniita kando: "Mwanangu, maneno umeimba. Mbaraka mwenyewe umemwacha nje."

Sikulala siku ile.

Basi mdogo wangu, kabla hujaingia studio, jua watu waliupendea nini wimbo. Kwa Mbaraka, waimbaji wakimaliza, solo ndiyo inaanza kusimulia. Kibali pia utafute: sheria yetu ya 1999 inailinda kazi miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, na yeye alifariki Januari 1979. Piga hesabu. Mimi kibali nilikuwa nacho, hilo hakuna wa kuninyooshea kidole. Na chemko usiikate. Narudia, usiikate! Vijana mnataka jina la marehemu liwauzie, jasho lake hamlitaki. Mpiga solo hana wiki tatu za kukaa na wimbo mmoja, eti anamuenzi nani?

CD zangu arobaini ziko chini ya kitanda. Ukizitaka njoo uchukue bure, lakini njoo na gitaa lako.