Usijifungie chumbani na fidla

Kila mwaka wazazi hunijia na mtoto aliyekumbatia fidla, wakisema wanataka awe mpiga solo, yule anayesimama peke yake mbele ya okestra nzima. Swali lao la kwanza ni lile lile: afanye mazoezi saa ngapi kwa siku? Nami huwauliza: wiki hii amempigia nani?

Nimekulia Mombasa, Kibokoni. Ami yangu alikuwa mpiga fidla wa taarab ya harusini, na nilipotimiza miaka minane alianza kunikalisha ubavuni mwake. Hapakuwa na karatasi ya noti. Mwimbaji akimaliza ubeti, fidla hujibu, na ukichelewa wimbo umekwenda, hakuna wa kukungoja. Kina mama wakipendezwa huinuka kutunza. Wasipopendezwa huendelea na mazungumzo yao, na wewe unaendelea kupiga.

Baadaye nilikwenda Nairobi kujifunza fidla ya klasiki, kisha Ujerumani kwa miaka minne. Huko nilipata mengi ambayo ami hakuwa nayo, hasa namna ya kuuachia mkono wa kulia uzito wake bila kuubana upinde. Lakini ndiko nilikojifungia. Nilikuwa nikipiga saa sita kila siku katika chumba kisicho na dirisha, na hata wanafunzi wenzangu sikuwapigia, maana niliona sijaiva.

Kisha nikapewa kupiga koncheto ya kwanza ya fidla ya mtunzi Mjerumani Max Bruch, yaani utungo wa mpiga solo mmoja na okestra, pamoja na okestra ya wanafunzi. Wanaoijua wanajua inavyoanza: ngoma inanguruma kwa mbali, filimbi na wenzake wanasema maneno machache, halafu fidla inaingia peke yake kwa noti ndefu ya uzi mtupu wa G, ule mnene kuliko wote. Uzi mtupu haukanyagwi kwa kidole, kwa hiyo huwezi kuitikisa sauti ukafunika kasoro. Upinde wangu ulitetemeka, na ukumbi mzima ukausikia ukitetemeka. Noti ile nilikuwa nimeipiga mara elfu chumbani na haikuwahi kutetemeka hata siku moja.

Katika sehemu ya tatu nikapotea kabisa. Vidole vilisahau. Kilichoniokoa ni sikio la harusini: niliisikiliza okestra, nikajibu kwa noti chache zilizolingana nayo, mpaka nikafika mahali ninapopajua nikaingia tena. Mwalimu wangu wa Kijerumani alitaka kujua nilijifunza wapi kufanya vile. Nilimtajia ami.

Ndiyo maana nasema kupiga mbele ya watu ni zoezi lenyewe, si zawadi ya kumaliza mazoezi. Mwaka 1986 mpiga fidla Midori, akiwa na miaka 14, alipiga solo kwenye tamasha la Tanglewood, Marekani, Leonard Bernstein akiongoza okestra. Uzi wa E, ule mwembamba kuliko wote, ukakatika. Akachukua fidla ya kiongozi wa wapiga fidla, akaendelea. Uzi ukakatika tena, akachukua nyingine, akamaliza. Jambo kama lile halifundishwi na ukuta wa chumba.

Mashindano makubwa nayo yanalijua hilo. Yale ya Queen Elisabeth huko Brussels huwatenga wanaofika fainali kwa wiki moja na kuwapa utungo mpya wa fidla na okestra ambao hakuna aliyewahi kuupiga, wausome wenyewe bila mwalimu. Aliyezoea kushikwa mkono kila hatua atafanya nini pale?

Kuhusu umri, nitasema ukweli ingawa unauma. Mpiga solo wa Marekani Hilary Hahn aliingia chuo cha muziki cha Curtis Institute, Philadelphia, akiwa na miaka 10, na tayari alikuwa amepiga miaka mingi. Mtoto anayeanza na miaka 12 anaweza kuwa mwanamuziki mzuri sana, lakini njia ya solo kubwa imekwisha kuwa nyembamba. Mwambieni mapema, kwa upole.

Mwili nao. Bega likiuma, weka fidla chini siku hiyo hiyo. Mpiga fidla Maxim Vengerov, aliyekuwa juu kabisa, aliacha kupiga kwa miaka kadhaa kwa ajili ya bega.

Na fedha: mpiga solo hulipwa kwa tamasha, na katika malipo hayo wakala ana fungu lake. Fidla za kale za Stradivari, fundi wa Italia, mnazoziona mikononi mwa wakubwa mara nyingi ni za kuazimwa kutoka kwa wakfu na matajiri. Mimi sijawahi kuishi kwa solo peke yake. Nafundisha, napiga katika okestra, na solo huja mara mbili au tatu kwa mwaka. Nazipenda hizo mara mbili au tatu kuliko ninavyoweza kueleza.

Siku hizi kila Ijumaa alasiri wanafunzi wangu hupiga kwenye baraza ya nyumba yetu, muuza kahawa akigonga vikombe vyake na watoto wakipita na mpira. Juzi binti wa miaka 11 alianza kwa uzi mtupu wa G, mrefu, polepole. Ulitetemeka mwanzoni. Mzee mmoja akashusha kikombe chake, akageuka kumsikiliza, na upinde ukatulia.