Kuweka mfumo endeshi ambao bado uko kwenye majaribio: angalia haya kabla hujaamua

Mkuu, nimelisoma swali lako. Una laptopu moja tu, RAM GB 8, ina Windows 11. Ndiyo unayoandikia tasnifu, na jioni ndiyo unayochapia watu kazi upate hela ya matumizi. Umeona toleo lijalo la Windows linapatikana kupitia Insider, mpango wa Microsoft wa kuwajaribisha watu matoleo kabla hayajatoka, na rafiki yako naye anakuvuta uweke beta (toleo la majaribio) ya Ubuntu, mfumo wa familia ya Linux. Unauliza uingie sasa au usubiri.

Kwa laptopu hiyo, subiri. Lakini kujaribu usiache, kwa sababu zipo njia ambazo hazigusi tasnifu yako hata kidogo, na nitazieleza. Mimi ni fundi kompyuta hapa Morogoro, wateja wangu wengi ni wanafunzi na wenye steshenari, na matoleo ya majaribio nayatumia tangu beta ya Windows 7 mwaka 2009. Nayapenda sana, na ndiyo maana nataka anayeingia humo aingie akijua.

Wengi wakifikiria jambo hili huanza na sifa za mfumo mpya: una wepesi gani, menyu zimekaaje, betri inadumu vipi. Mimi huanza na diski. Kuna nini humo ambacho hakipo mahali pengine popote? Halafu nauliza ni nani anaisubiri hiyo kompyuta kesho asubuhi. Mwenye steshenari msimu wa maombi ya mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ana foleni mpaka barazani, na kompyuta yake ikilala siku mbili hakuna kitu kwenye toleo jipya kitakachomrudishia wateja waliohamia duka la jirani. Nimewahi kuletewa mashine ya namna hiyo. Toleo la majaribio lilikuwa linakwenda vizuri, intaneti inashika, sauti ipo, ila printa kubwa ya kopi haikutambuliwa kabisa kwa sababu draiva yake, yaani programu inayoiunganisha na mfumo, ilikuwa ya miaka mingi. Watengeneza printa hawana haraka ya kutoa draiva kwa mfumo ambao haujatoka, wala siwalaumu. Ilibidi nipige Windows upya ya zamani ili kazi iendelee.

Kuhusu mafaili, chukua mfano wa hiyo beta ya Windows 7. Ilitolewa kwa umma Januari 2009, watu wakaigombania mpaka seva za Microsoft zikaelemewa siku ya kwanza. Ilikuwa nzuri kweli, nadhani ndiyo beta bora niliyowahi kuishika. Hata hivyo ilikuwa na kasoro moja mbaya: programu ya kuchezea muziki ilipohariri taarifa za baadhi ya mafaili ya MP3, iliweza kukata sekunde kadhaa za mwanzo wa wimbo, moja kwa moja. Microsoft wenyewe walitoa kiraka na kuwashauri watu waweke mafaili yao ya MP3 kwenye hali ya kusomwa tu. Kompyuta haikuzima, skrini ya bluu haikutokea, mtu angeweza kukaa wiki nzima bila kujua. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema “nimeiweka mwezi mzima haijawahi kusumbua”, muulize kama ameyafungua mafaili yake yote.

Ukishanakili kila kitu kwenye diski ya nje, hatari kubwa inapungua, lakini haijaisha. Kuna kasoro ambazo kufomati hakuziondoi. Septemba 2008, wakati kiini cha Linux (kernel) toleo la 2.6.27 kikiwa bado kwenye majaribio, watu waliokitumia kwenye matoleo ya awali ya Ubuntu 8.10 na ndugu zake Fedora na openSUSE walianza kupoteza kadi za mtandao za Intel zinazotumia draiva ya e1000e. Kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya kadi ilikuwa inaandikwa takataka, na kadi haifanyi kazi tena hata ukirudisha mfumo wa zamani. Chanzo kilipatikana na kuzibwa kabla ya matoleo rasmi ya mifumo hiyo. Na usidhani tarehe ya kutoka ndiyo kinga: Ubuntu 17.10 ilitoka rasmi Oktoba 2017, na Desemba ikaondolewa kwa muda kwenye ukurasa wa kupakulia kwa sababu draiva moja ilikuwa inaharibu BIOS (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta) za baadhi ya laptopu, nyingi zikiwa Lenovo. Nafasi ya kukumbwa na kitu kama hiki ni ndogo sana. Lakini mwenye kompyuta moja hawezi kuipuuza kama anavyoweza mwenye tatu.

Sasa nikupe kisa ambacho mimi hukirudia kila mtu anaponiuliza jambo hili, kwa sababu kina pande zote mbili. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft ambaye pia ni mmoja wa waundaji wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, alikuwa anapima kasi ya programu kwenye Debian, Linux nyingine, toleo lisilo tulivu wanaloliita sid. Akaona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde na kunakula nguvu ya prosesa kuliko kawaida. Mtu mwingine angepita. Yeye alichimba mpaka akakuta kwamba xz, programu ndogo ya kubana mafaili ambayo ipo karibu kila Linux, imepandikizwa njia ya siri ya kumwezesha mtu kuingia kwenye seva za wengine. Aliyeipandikiza alikuwa amejenga imani kwenye mradi huo kwa zaidi ya miaka 2 akitumia jina la Jia Tan. Freund akatangaza tarehe 29 Machi.

Matoleo yenye sumu yalikuwa 5.6.0 na 5.6.1. Yalikuwa yameshafika wapi? Debian sid na testing, Fedora Rawhide na matayarisho ya Fedora 40, openSUSE Tumbleweed, yote yakiwa matoleo ya mbele. Debian tulivu, ambayo watu wanaiendeshea benki na hospitali, haikuguswa. Ubuntu 24.04 ilikuwa bado inaandaliwa, na Canonical, kampuni yenye Ubuntu, wakaamua kuunda upya vifurushi vyote vilivyotengenezwa tangu xz hiyo ilipoingia. Beta yao iliyopangwa tarehe 4 Aprili ikasogezwa hadi 11 Aprili. Waliokuwa mbele ndio waliobeba hatari, ingawa kompyuta isiyofungulia SSH kwa nje haikuwa na cha kuogopa sana. Na ni mtu aliyekuwa huko huko mbele ndiye aliyetuokoa sote. Bila watu wa kutumia matoleo yasiyokamilika na kuyaangalia kwa makini, ile sumu ingeshuka mpaka kwenye seva zetu. Kwa hiyo sitakuambia kamwe kwamba majaribio ni mchezo wa wasio na kazi. Nakuambia uyafanye kwenye mashine ambayo ikifa, unapoteza muda wako tu.

Kwa upande wa Windows, angalia unaingia ngazi gani. Tangu 2023 Insider imekuwa na njia nne: Canary, Dev, Beta na Release Preview. Canary na Dev zinapata vitu vibichi, na vingine havitoki kabisa kwa umma. Release Preview inapata kile ambacho kiko karibu kutoka, na kwa mtu anayetaka kuwahi kidogo bila presha ndiyo ninayoipendekeza. Watu hawaulizi kuhusu kutoka, wanauliza kuingia tu. Ukiingia Canary ukachoka, kurudi chini kwa kawaida ni kupiga Windows upya, yaani programu zote zinaanza moja. Ile nafasi ya kurudi nyuma inayobakizwa baada ya kupandisha toleo hudumu siku 10 usipoirefusha mwenyewe, halafu inafutwa. Pia matoleo haya yana tarehe ya kufa. Andika winver kwenye sehemu ya kutafutia utaiona. Toleo la mwisho la majaribio la Windows 7 lilikoma tarehe 1 Juni 2010, na tangu tarehe 1 Machi mwaka huo kompyuta ilikuwa inajizima kila baada ya saa 2 ili mwenyewe aelewe.

Wale wenye mashine za zamani wanaodhani Insider ni njia ya kukwepa masharti ya TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaitaka, wakumbuke mwaka 2021. Kompyuta zisizokidhi vigezo ambazo zilikuwa tayari kwenye njia ya Dev ziliruhusiwa kuendelea Juni, kisha Windows 11 ilipokaribia kutoka tarehe 5 Oktoba zikaambiwa zirudi Windows 10 kwa kupiga upya. Ruhusa ya kujaribu si ahadi ya kubaki.

Kuna na suala la bando. Faili la Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6, Windows 11 nayo inapita GB 5, na ngazi za mbele za Insider hushusha toleo jipya mara kwa mara, wakati mwingine kila wiki. Kwa anayetumia bando la simu hiyo ni hela ya kula. Halafu ili uingie Insider lazima ukubali kutuma taarifa za ziada za uchunguzi kwa Microsoft. Kama unachapia watu barua zao za siri na mikataba, lifikirie hilo pia.

Basi ujaribuje? Ubuntu ni rahisi. Chukua flashi ya GB 8 au zaidi, weka humo faili la Ubuntu kwa programu ya Rufus au Ventoy, washa kompyuta kutoka kwenye flashi na uchague kujaribu bila kusakinisha. Hapo utajua Wi-Fi inashika au la, sauti, mwanga wa skrini, na kama laptopu inaamka vizuri ukiifunga na kuifungua. Diski yako haijaguswa. Mimi huwaambia watu wakae na flashi hiyo jioni nzima, wachapie hata barua, wapeleke printa ya chuo waone.

Ukitaka kuweka kabisa, tafuta SSD ya nje au kompyuta kuukuu. Angalizo moja la SSD ya nje: kisakinishaji cha Ubuntu kimekuwa na tabia ya kuweka kianzishi chake kwenye diski ya ndani hata ukimchagulia ya nje. Ukiweza kuchomoa diski ya ndani kabla ya kusakinisha, ichomoe. Kompyuta pepe, yaani ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako, kwa programu ya VirtualBox inafaa kuona sura ya mfumo, na tangu toleo la 7 inaweza kuiga TPM, lakini kwa GB 8 zako utaminywa, na haitakuambia lolote kuhusu Wi-Fi wala printa halisi.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha una ufunguo wa BitLocker, kile kifungio cha Windows kinachosimba diski. Hili naliweka peke yake kwa sababu limeleta machozi mezani kwangu kuliko kasoro yoyote ya beta. Laptopu nyingi za Windows 11 diski zake zimefungwa kwa usimbaji bila mwenyewe kujua, na ukibadilisha mpangilio wa kuwasha au kugawa diski, asubuhi unaulizwa tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, unakili ufunguo huo kwenye karatasi, kisha ndipo uendelee. Na kama unatumia kompyuta ya mezani isiyo na UPS, usianze kusakinisha siku ambayo umeme unacheza.

La mwisho, ukijaribu, ripoti. Tarehe 2 Oktoba 2018 Windows 10 toleo la 1809 lilitoka, na baada ya siku chache likasitishwa kwa sababu lilikuwa linafuta mafaili ya baadhi ya watu. Walioumia walikuwa hasa wale waliohamisha folda kama Documents kwenda sehemu nyingine huku mafaili mengine yakibaki kwenye folda ya zamani. Hebu fikiria ni wangapi hapa kwetu tunahamishia Documents kwenye D ili Windows ikipigwa upya kazi zibaki. Baadhi ya wajaribu walikuwa wameshaliripoti kabla, lakini ripoti zao zilikuwa chache na zikazama katikati ya maelfu ya nyingine. Baadaye Microsoft waliongeza sehemu ya kueleza uzito wa tatizo, na 1809 ikarudi tarehe 13 Novemba. Ripoti nzuri inasema kompyuta ni ya modeli gani, toleo namba ngapi, ulifanya nini hatua kwa hatua, nini kilitokea na nini ulitarajia. Ukiona mwingine ameshaliripoti, ongeza maelezo yako pale pale badala ya kufungua jipya. Mtu wa Morogoro mwenye modemu ya laini na printa ya miaka kumi anaona kasoro ambazo wa Redmond, makao makuu ya Microsoft, hawezi kuzikuta mezani kwake.

Kwa hiyo mkuu, ratiba yangu kwako ni hii. Mpaka utetee tasnifu, laptopu ibaki ilivyo, na tasnifu ikae sehemu tatu: kwenye laptopu, kwenye diski ya nje, na mtandaoni. Beta ya Ubuntu ijaribu kwa flashi hata wikiendi hii. Ukishamaliza chuo, kama bado una hamu ya Windows, anza na Release Preview. Kama moyo umeangukia Ubuntu, chukua toleo la LTS, lile linalohudumiwa kwa muda mrefu, na usubiri lile la nukta moja (mfano 24.04.1) linalofuata miezi michache baadaye. Hata Ubuntu wenyewe hawampi mtu wa LTS ya zamani taarifa ya kupanda mpaka hilo litoke. Weka hapa modeli kamili ya laptopu yako, aina ya kadi ya Wi-Fi na printa unayotumia, nikuangalizie draiva zake kabla hujashusha hizo GB 6.