Polo ya Majini Huchezwa kwa Miguu: Ushauri kwa Kocha wa Timu ya Taifa Anayeenda Mashindano Makubwa

Makocha wengi huwasili kwenye mashindano makubwa na daftari lililojaa michoro ya mashambulizi. Michoro ni mizuri, ila ikifika wiki ya pili hakuna anayeshinda kwa mchoro. Anashinda mwenye miguu ambayo bado inakoroga. Mchezaji wa polo ya majini haruhusiwi kukanyaga chini ya bwawa, na kwenye mashindano ya ngazi hii kina hakimruhusu hata akitaka. Kila pasi, kila kizuizi na kila shuti huanzia kwenye miguu inayozunguka kwa kupokezana, kama miiko miwili ndani ya sufuria moja. Miguu ikichoka, mwili unalala juu ya maji, bega linashuka na shuti linagonga mkono wa mlinzi. Kwa majuma mawili kocha ni mweka hazina wa miguu ya watu.

Kwa hiyo ratiba isome kutoka mwisho kuja mwanzo. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024 wanaume walikuwa timu 12, makundi mawili ya timu 6, na nne za juu katika kila kundi zikaingia robo fainali. Yaani mechi 5 kwa kila timu, na zilizoaga zilikuwa mbili tu kila kundi. Serbia ilipoteza 3 kati ya hizo 5, ikapenya ikiwa ya nne, kisha ikaifunga Croatia 13–11 kwenye fainali. Sisemi upoteze makusudi. Ukimaliza wa nne unakutana na kinara wa kundi jingine. Nasema kocha aliyetumia wachezaji saba wale wale dakika zote 32 za mechi ya kwanza, kwa hofu ya kuanza vibaya, amekopa siku ambayo hakuhitaji kukopa.

Mashindano ya dunia ni hesabu nyingine. Timu zikiwa 16 katika makundi manne, kinara wa kundi huenda moja kwa moja robo fainali, wakati wa pili na wa tatu wanacheza mechi ya ziada kuitafuta nafasi hiyo hiyo. Hapo nafasi ya kwanza inakununulia mapumziko, basi mechi ya kundi inayoamua uongozi itie nguvu zote. Kabla hujachora chochote, jiulize kila mechi inanunua nini.

Kitabu cha kanuni nacho kisome upya kila mara. Mwaka 2019 mengi yalibadilika: faulo nje ya mita 6 unaweza kupiga golini moja kwa moja, kipa anaruhusiwa kuvuka nusu ya uwanja, mchezaji anaweza kubadilishwa kupitia pembeni mchezo ukiendelea, na shambulizi la pili, baada ya kona au shuti lililorudi, likapewa sekunde 20 badala ya 30. Tangu hapo World Aquatics, shirikisho la dunia la michezo ya majini, imeendelea kugusa saa ya shambulizi na vipimo vya uwanja. Fanya mazoezi kwa saa ya mashindano unayokwenda, isiwe ya ligi ya nyumbani. Timu iliyozoea sekunde zaidi hujikuta inapiga shuti la haraka haraka dhidi ya ukuta uliokwisha kujipanga, na kocha anawalaumu wapigaji.

Wachezaji 13

Orodha ya Olimpiki ina nafasi 13, na kila nafasi ijibu swali. Makipa 2. Senta 2 wa kweli, yaani washambuliaji wanaopigana mbele ya goli la mpinzani, na winga mmoja mzito anayeweza kuingia katikati kwa dakika tatu. Mabeki wa kati wasipungue 3, kwa sababu hao ndio wanaokula faulo za kutolewa, yaani faulo kubwa zinazomweka mchezaji nje kwa muda; ya tatu inamtoa hadi mwisho wa mechi. Mashoto wawili kama nchi inao. Shoto mmoja anatosha kupanga shambulizi, lakini akiumia kidole upande wote wa kulia unakufa: mpigaji wa mkono wa kulia akiwa upande ule mkono wake unaangalia pembeni, na pasi inamfikia kwa mkono usiofaa.

Nafasi ya 13 huleta ubishi. Kishawishi ni kumchukua kijana mwenye shuti kali. Kwangu mimi, mchukue anayeweza kucheza sehemu tatu bila kuharibu, kwa sababu kwenye mechi ya sita utakuwa na mtu mwenye bega bovu, mwingine mwenye faulo kubwa mbili tangu robo ya kwanza ya mechi, na mwingine aliyeharisha usiku.

Dakika zigawe kabla ya kusafiri. Katika mechi za kundi jaribu mchezaji asiye kipa asizidi dakika 24 hadi 26, na senta asipigane zaidi ya mashambulizi manne au matano mfululizo. Mwenye kufuatilia hilo awe kocha msaidizi mwenye karatasi na kalamu. Macho yako wewe yatafuata mpira, hayatahesabu dakika za mtu.

Siku isiyo na mechi

Kwa kawaida unacheza siku moja na kupumzika siku inayofuata. Siku hiyo ya katikati ndiyo huharibiwa zaidi, hasa timu ikiwa imefungwa, maana kocha mwenye hasira huongeza mazoezi. Bwawa la mazoezi utapewa kwa saa moja au pungufu. Gawa hivi: dakika 15 za kuogelea taratibu, dakika 20 za mashambulizi ya mchezaji wa ziada (mpinzani mmoja akiwa ametolewa) na ulinzi wake bila kugongana, dakika 10 za penalti na makipa, kisha watoke. Waliocheza sana waogelee tu. Ambao hawakucheza wabaki wakimbizane, la sivyo siku utakapowahitaji wataingia na mapafu ya likizo.

Mabega yahesabiwe kwa marusho. Mashuti ya nguvu siku ya mapumziko yasizidi 15 kwa mtu, na anayelalamika bega asipige kabisa. Kabla ya kuingia majini wavute kamba za mpira zinazonyumbulika, mzunguko wa ndani na wa nje, dakika 8 zinatosha. Kosa la kawaida ni wachezaji kuanza kurushiana mashuti mara tu wanapogusa maji kwa sababu bwawa ni jipya na wana hamu.

Chakula kiwafikie mapema baada ya mechi: wanga gramu 1 hivi kwa kila kilo ya uzito katika saa ya kwanza, na protini gramu 20 hadi 40. Mechi za usiku ni mtego. Mahojiano, basi, kuoga, na mtu anakula usiku wa manane. Sanduku la chakula liwe tayari kando ya bwawa. Tena, mtu wa majini hutoka jasho bila kuliona. Wapime uzito kabla na baada ya mechi, na aliyepungua kilo moja arudishe lita moja na nusu ya kinywaji taratibu.

Daktari wa timu aandae mambo manne yanayorudi kila mashindano: vidole vilivyoteguka, masikio (ngoma ya sikio hupasuka kwa kofi la maji au kiwiko), macho yaliyokwaruzwa, na mabega. Dawa yoyote, hata ya mafua, ipite kwake kwanza, kwa sababu wapimaji wa dawa zilizokatazwa hawasikilizi kisa cha duka la hotelini.

Video usizidishe. Dakika 10 kwa mpinzani mmoja, katika vipande vitatu: wanavyoshambulia wakiwa na mchezaji wa ziada, senta wao anageukia upande gani, na nani anaachwa nyuma wanapopoteza mpira. Makipa wapewe kipande chao peke yao, chenye wapigaji wao wakuu na kona wanazozipenda.

Ndani ya mechi

Mechi za ngazi hii huamuliwa na sekunde zile ambazo mchezaji mmoja ametolewa. Mpangilio ulioenea kwa upande wenye mchezaji wa ziada ni wanne mbele kwenye mstari wa mita 2, wawili nyuma yao. Unachotafuta si kasi ya mpira peke yake bali kumtoa kipa katikati. Pasi tatu au nne, angalau moja ikivuka uwanja kwa upana, ndipo shuti. Shuti la pasi ya kwanza liruhusu kwa mtu mmoja au wawili tu, uwataje kwa majina mbele ya wote ili wengine wasijipe ruhusa.

Kwa upande wa kujilinda mkiwa watano, kosa linalorudiwa ni mlinzi na kipa kuziba kona moja. Mkubaliane mapema: mkono wa mlinzi unaziba kona ya karibu na nguzo, kipa anabeba ya mbali, au kinyume chake, lakini liwe neno moja kwa timu nzima. Kipa ndiye apige kelele. Mlinzi anayebadilisha mkono dakika ya mwisho kwa sababu "ameona" shuti linakuja huku, amemfungia kipa wake macho.

Aliyetolewa arudi bila kusukuma ukuta wala kuruka, na asiingie kabla ya ishara. Inaonekana kitu kidogo, lakini kuingia vibaya kunaadhibiwa, na hutokea robo ya nne kwa sababu ya pupa. Lifanyieni mazoezi.

Beki wa kati akipata faulo kubwa ya pili mtoe papo hapo, hata kama anacheza vizuri, umhifadhi kwa dakika 5 za mwisho. Wakati huo badilisha ulinzi: rudisha wawili wamsaidie aliyebaki na senta, umwachie mpira mpigaji wao dhaifu zaidi wa mbali. Ukizidi kubana kila mtu mmoja mmoja huku beki wa kwanza amekaa, wa pili naye atatolewa.

Shambulizi linalofia mikononi nalo lina ufundi wake. Zikibaki sekunde 3 na hakuna shuti la maana, mpira utupwe kwenye kona ya mbali ya mpinzani. Shuti dhaifu linaloishia mikononi mwa kipa ni pasi ya kwanza ya shambulizi lao la kushtukiza, na watu wako wanne bado wameangalia golini.

Kuomba muda ni haki ya timu yenye mpira tu. Kocha anayeomba bila mpira huadhibiwa kwa penalti, na huo ni msiba unaotokea kwa watu wenye akili timamu kabisa, mpira ukipotea nusu sekunde kabla hajabonyeza. Mpe msaidizi kazi ya kusema "tunao" kwa sauti. Wakati mzuri wa kuomba ni mara mpinzani anapotolewa robo ya nne. Katika dakika ile moja, sekunde 20 za mwanzo waache wapumue, kisha sema mambo mawili: nani anapiga, na nani anarudi kulinda. Jambo la tatu halisikiki.

Waamuzi kutoka mabara tofauti huona mapambano ya senta kwa macho tofauti. Dakika tatu za mwanzo zitumie kuwasoma: je, beki akiweka mkono begani wanapuliza? Nahodha peke yake ndiye aongee nao. Na kabla ya mechi hakikisha kucha zimekatwa na hakuna aliyejipaka mafuta, maana hukaguliwa. Kila mtu avae nguo mbili za kuogelea, moja juu ya nyingine, zinachanika.

Penalti, na siku baada ya nusu fainali

Paris 2024 hata mechi za makundi hazikuisha sare: sare ilienda kwenye penalti, mshindi akachukua pointi 2 na aliyeshindwa pointi 1, wakati ushindi wa kawaida ulikuwa pointi 3. Orodha ya wapigaji 5 iwepo kabla ya mechi, na wa akiba wawili, kwa sababu aliyetolewa kwa faulo tatu hapigi. Wakilingana baada ya watano, wale wale wanarudia kwa mpangilio ule ule. Kwa hiyo wa kwanza na wa pili wawe watu wanaoweza kumpiga kipa yule yule mara mbili kwa kona tofauti. Mazoezini wapige wakiwa wamechoka, baada ya kuogelea mita 100 kwa kasi. Kanuni inataka mwendo mmoja bila kusita wala kudanganya baada ya filimbi, na mkono uliochoka ndio unaosita.

Ukipoteza nusu fainali, mechi ya nafasi ya tatu iko mbele yako baada ya siku moja au mbili, na hapo medali bado ipo. Usiku ule usifanye kikao. Wachezaji wale chakula, wakutane na familia zao, walale. Asubuhi onyesha video dakika 5 tu, yote ya mpinzani anayefuata, hata sekunde moja ya mechi iliyopita isiwemo. Kwenye bwawa fanya mashambulizi ya mchezaji wa ziada na penalti, basi. Na kikosi cha kuanza mechi ile kiwe cha wenye miguu, hata kama nahodha atakuangalia vibaya: rudi kwenye karatasi ya msaidizi, tazama nani amecheza chini ya dakika 15 katika mechi mbili zilizopita, uanze na watatu kati ya hao.