Gari likivuta tela, nguvu ya injini inaenda wapi?

SWALI: Habari mwalimu, mi niko fom sri hapa Iringa. Pikapu ya kilo 2000 inavuta tela la kilo 1000, injini inasukuma kwa nyutoni 7500, ukinzani ni 900 kwenye pikapu na 600 kwenye tela. Nimegawa 7500 kwa 2000 nikapata mchapuko, yaani mwendo unavyoongezeka kila sekunde, 3.75, nikakosa. Afu naambiwa chuma cha kuvutia tela hakivuti kwa 7500, kivipi wakati injini ndo inayovuta?

JIBU: Salama mdogo wangu, swali zuri sana hili na wanaolikosa ni wengi. Kabla hujagusa namba amua kwanza unaongelea nini, pikapu peke yake, tela peke yake, au vyote pamoja. We umegawa kwa kilo za pikapu tu wakati nyuma kuna tela limeng'ang'ania, na ukinzani hujautoa kabisa.

Anza na vyote pamoja. Mbele 7500, nyuma 900 na 600, inabaki 6000, hiyo ndo kani inayoongeza mwendo, gawa kwa kilo 3000 unapata mita 2 kwa sekunde mraba. Chuma hapa hukihesabu, maana kinavyolivuta tela mbele ndivyo kinavyoirudisha pikapu nyuma, kiasi kilekile, zinafutana.

Sasa tela lenyewe. Linataka 1000 mara 2, yaani 2000, ili liende sawa na pikapu, ongeza 600 za ukinzani, chuma kinavuta 2600 basi. Pikapu imeshachukua yake, 900 za ukinzani na 4000 za kujiongezea mwendo. Jumlisha zote uone, 7500 kamili, na kwenye mtihani usiache kuhakiki hivyo.

Afu we wa Iringa mlima Kitonga unaujua, kwa hiyo chukua barabara inayopanda mita 1 kwa kila mita 10. Uzito unarudisha nyuma 3000 mara 9.8 (nyutoni ambazo dunia inavuta kila kilo) mara 0.1 ya mwinuko, ni 2940, kwenye zile 6000 inabaki 3060 na mchapuko unashuka mpaka 1.02. Wengi wanadhani na chuma kitavutika zaidi, ila hesabu tela: 1020 za mwendo, 600 za ukinzani, 980 za mlima, 2600 ileile! Mlima unaibana pikapu na tela kila kimoja kwa kadiri ya kilo zake, so mgao haubadiliki. Chuma kitavutika zaidi pale dereva akikanyaga mafuta ili apande na mchapuko uleule wa tambarare.