Kabla ya Mashine, Lichambue Lundo Lako

Safu ya Karakana: maswali ya wasomaji

SWALI: Shikamoo Mzee wa Karakana. Mimi na wenzangu tunatunza bustani za nyumba na hoteli hapa Raskazone na Sahare. Kila wiki tunajaza kirikuu matawi, makuti na majani, tunalipa nauli mpaka dampo. Wateja hawataki tena tuchome moto uani. Tumeweka akiba tununue mashine ya kusaga matawi. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam ana ya petroli ya hosipawa 7, anasema inameza tawi la inchi 3. Mwingine ana ya hosipawa 15 yenye rola za kuvuta, na bei yake inatisha. Je, hiyo ndogo haitatutosha?
Mtunza bustani, Raskazone, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa, kwa sababu wengi huja kwangu fedha ikiwa imeshatoka na mashine imeshakwama.

Hosipawa tuziache kwanza. Mara nyingine kirikuu kikijaa, msikiondoe. Mwageni mzigo chini muugawe mafungu: matawi ya mwembe, mkungu na mwarobaini fungu lake, makuti fungu lake, vichaka na nyasi fungu lao. Kwa bustani za Raskazone ninavyozijua, makuti yatashika nafasi kubwa kuliko yote. Hapo ndipo uamuzi wenu ulipo, wala si kwenye karatasi ya muuzaji. Zile inchi 3 ni za tawi bichi, lililonyooka, la mti usio mgumu. Kuti halina hata sifa moja kati ya hizo. Upongoo wake, yaani ule uti wa katikati, ni mpana kwenye kitako, umejaa nyuzi, na majani yake yanajikunja mdomoni mwa mashine badala ya kuingia.

Mashine hizi ziko za aina mbili. Ya kwanza ina visu vilivyofungwa kwenye diski nzito au kwenye pipa linalozunguka. Kisu kinapita karibu na chuma kilichotulia na kukata tawi vipande. Ya pili ina nyundo zinazoning'inia kwenye shafti, kama mashine ya kusaga unga, nazo hupondaponda mpaka vitu vipite kwenye chujio. Ya nyundo huvumilia mchanga na uchafu, na kwa majani makavu na vijiti ni nzuri sana. Lakini ipe makuti mabichi wakati wa masika uone chujio linavyoziba, kila saa mnazima na kukwangua. Kwa mzigo wenu ninachagua ya visu, na bila chujio.

Sasa nisikilize hapa, maana ndiyo roho ya jibu langu. Nilikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, kwenye shamba la mkonge njia ya Muheza. Korona ina visu butu kwa makusudi: inaponda mnofu wa jani na kuziacha nyuzi nzima, na nyuzi hizo ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Mashine yenu inatakiwa ifanye kinyume chake, yaani ikate uzi. Visu vikishakuwa butu hukati tena, unaponda. Nyuzi za kuti zinatoka ndefu, zinajizungusha kwenye shafti, zinabana beringi, mkanda unaanza kuteleza na kutoa harufu ya kuungua. Mwenye mashine atalaumu injini, na injini ni nzima kabisa.

Kwa hiyo, mwanangu, hosipawa 7 haitawatosha kwa kazi ya kulipwa. Ingekuwa mama mwenye uani wake na mti mmoja wa mwarobaini, ningemwambia anunue na asihangaike. Ninyi mna wateja wanaosubiri. Mashine ndogo hutegemea tawi lijishushe lenyewe, na kuti ni jepesi, halijishushi. Kijana wenu ataanza kulisukuma kwa mkono, na hicho ndicho ninachokiogopa kuliko hasara ya fedha. Rola zenye meno hulishika kuti, hulibana na kulipeleka kwenye visu kwa mwendo mmoja. Kama fedha haijafika, endeleeni kulipia kirikuu mpaka ifike. Mashine isiyofaa itakula akiba yenu na makuti yatabaki palepale.

Kuhusu injini, mimi ninapenda ile inayofahamika na kila fundi. GX390 ya Honda ina ujazo wa silinda wa sentimita za ujazo 389, na zile za Kichina zinazoandikwa 188F zimeiga umbo hilohilo, kwa hiyo kabureta, plagi na pistoni utazipata kwenye maduka yanayouza spea za pampu za maji na jenereta. Ila tazama: GX390 yenyewe, kwa kipimo cha kiwandani cha siku hizi, ni hosipawa 11.7. Ukionyeshwa injini ya ujazo huohuo imebandikwa hosipawa 15, ujue karatasi ndiyo iliyoongezwa nguvu. Ulizeni ujazo wa silinda, msiulize stika. Dizeli ya silinda moja, kama ile ya mashine za kusaga vijijini, ni imara na hainywi sana, lakini ni nzito mno kushusha na kupandisha kwenye kirikuu kila nyumba. Umeme msiufikirie: motori ya nguvu hiyo inataka fezi tatu, na nyumba za wateja wenu nyingi zina fezi moja.

Kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji aingize kuti bichi zima, si kijiti cha mpera, na awarekodie kwa simu tangu linapoingia mpaka mashine inapotulia. Akikataa, mmeshapata jibu. Afungue na kifuniko muone visu. Vizuri ni vile vyenye makali pande mbili, upande mmoja ukichoka mnageuza. Nunueni seti ya pili siku hiyohiyo. Beringi ziwe na namba za kawaida, kwa mfano 6205 au 6207, ambazo duka lolote la spea linazo. Beringi ya pekee inayoagizwa ng'ambo itawalaza kazi wakati wa masika, msimu ambao bustani hazisubiri.

Kunoa nako kuna adabu yake. Fundi akikandamiza kisu kwenye grenda mpaka kikawa na rangi ya bluu, ameshakiua. Ule ugumu wa chuma umeondoka kwa moto, na makali hayatadumu. Kinolewe polepole, kikipozwa kwa maji. Visu vyote vinolewe pamoja na vipimwe kwenye mizani, kwa sababu kimoja kikiwa chepesi diski inatikisika na beringi zinakufa. Mkivirudisha, pimeni nafasi kati ya kisu na chuma kilichotulia. Mara nyingi ni milimita 1 hadi 2, na kitabu cha mashine kina kipimo chake. Nafasi ikipanuka, kuti linapita likiwa limekunjwa tu.

Adui mkubwa wa visu hapa kwetu ni mchanga. Makuti yakiburutwa ufukweni, yakung'uteni kabla ya kuyalisha. Yaliyofagiliwa pamoja na mchanga pelekeni kwenye lundo la mboji, yasipite mashineni. Mvinje usageni ukiwa mbichi, maana ukikauka ni mgumu kama chuma. Miti ya barabarani ikagueni misumari. Watu wamebandika matangazo humo miaka na miaka. Na si kila kuti ni la kusaga: kuti bichi zuri lina msusi wake wa makuti ya kuezekea, na chelewa zina mwenye kutengeneza fagio. Wapeni kwanza hao, mzigo wa mashine utapungua.

La mwisho kwako ni mikono. Anayelisha avae miwani na vizibo vya masikio, asivae glovu pana wala shati la mikono mirefu iliyolegea. Cha kusukumia kiwe mti, kisiwe chuma wala mkono. Mashine ikikwama, zimeni, subirini diski isimame kabisa, chomoeni waya wa plagi, ndipo mfungue. Diski nzito huendelea kuzunguka muda mrefu baada ya injini kunyamaza.

SWALI: Shikamoo baba. Mtunza bustani ameniachia marundo ya chenga za matawi na makuti. Nizifukie kwenye matuta ya mchicha, au nirundike tu nyuma ya nyumba?
Mama wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba mama. Usizifukie zikiwa mbichi. Vijidudu vinavyoozesha mti huchukua naitrojeni kwenye udongo, na mchicha wako utageuka manjano. Zitandaze juu, unene wa vidole vinne hivi, chini ya miembe na maua, bila kugusa shina. Zitatunza unyevu wakati wa kiangazi na magugu yatapungua.

Kuzirundika nyuma ya nyumba kunanipa wasiwasi zaidi, hasa kama una minazi. Chonga, yule mdudu anayeharibu minazi, hutaga mayai kwenye marundo yanayooza, na funza wake hunenepa humo. Akishakuwa mdudu kamili huruka mpaka kwenye moyo wa mnazi na kuutoboa. Ukitaka mboji, changanya chenga na samadi ya ng'ombe pamoja na majani mabichi, mwagia maji, na pindua lundo kila baada ya wiki moja au mbili. Ukikutana na funza wakubwa weupe waliojikunja, waokote uwape kuku.

SWALI: Mzee, tuna ua mrefu wa mnyaa tunaotaka kuupunguza. Tunaweza kuupitisha kwenye mashine?
Msomaji, Pangani

JIBU: Hapana, hata kwa mashine ya bei gani. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni huunguza na unaweza kuondoa uwezo wa kuona, na mashine itaurusha kama mvua kwa kila aliye karibu. Kateni kwa panga taratibu, siku isiyo na upepo wa kusi mkali, mkiwa na miwani iliyoziba pembeni na nguo za mikono mirefu. Jicho likipatwa, lioshwe kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha hospitali siku hiyohiyo. Vipande viacheni vikauke mbali na watoto na mifugo.